Dakika nne za Fukushima na hatima ya vituo vya mikoa Japani

Saa tisa na dakika 36 alasiri ya Machi 12, 2011, siku moja baada ya tetemeko kubwa la ardhi na tsunami, jengo la kinu namba 1 katika mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi lililipuka. Kamera pekee ya televisheni iliyonasa mlipuko ule ilikuwa ya Fukushima Central Television, FCT kwa kifupi, kituo cha biashara chenye makao yake Koriyama na leseni ya mkoa mmoja tu. Kamera yenyewe ilikuwa mlimani, kama kilomita 17 kutoka mtamboni. Kituo kiliona haja ya kuwa na jicho la kudumu huko baada ya ajali ya nyuklia ya Tokaimura mwaka 1999. Dakika nne baada ya mlipuko, picha ile ilikuwa hewani mkoani Fukushima. Japani iliyobaki ilisubiri zaidi ya saa moja, mpaka Nippon Television ya Tokyo, ambayo FCT ni mshirika wake, ilipoirusha nchi nzima.

Katika chumba cha habari cha Koriyama hakuna aliyejua kwa hakika kilichotokea. Mtangazaji akaeleza kile ambacho macho yake yaliona: kitu kama moshi au mvuke mwingi kimetoka mtamboni na kinaelekea kaskazini. Hakutafsiri, hakukisia. Tokyo nako walikuwa na picha ileile, lakini wakataka kwanza kupata mtaalamu wa kuwaeleza wanachokitazama, wasije wakatia taifa zima hofu kwa jambo wasilolielewa. Simlaumu sana mhariri wa Tokyo. Serikali yenyewe ilikuja kuzungumza mbele ya waandishi karibu saa kumi na mbili jioni, na hata hapo kwa maneno ya kuzungukazunguka. Ila kwa mtu aliyekuwa kaskazini mwa mtambo, neno "kaskazini" lilikuwa habari kamili. Halikuhitaji profesa.

Hoja yangu inaanzia hapo. Mjadala kuhusu televisheni na redio za mikoa nchini Japani umekuwa mjadala wa hesabu: watu wanapungua vijijini, matangazo ya biashara yamehamia kwenye simu, minara ni ghali, kwa hiyo vituo viungane. Hesabu hizo ni za kweli. Kinachosahaulika ndani yake ni kwamba kituo cha mkoa kina kitu kimoja ambacho hakimo kwenye vitabu vya mhasibu, nacho ni mtu aliyekaa hapohapo mwenye mamlaka ya kurusha jambo hewani bila kuomba ruhusa makao makuu. Unaweza kuunganisha minara yote ya Japani bila hasara kubwa. Ukimwondoa mtu huyo, umefunga kituo hata kama jina lake bado linaonekana kwenye skrini.

Msomaji wa Kiswahili anayeijua redio ya Japani kwa kawaida anaijua NHK, shirika la umma lenye Idhaa ya Kiswahili, linaloendeshwa kwa ada zinazolipwa na kaya. NHK ni mti mkubwa, na 2011 ilifanya kazi kubwa: picha za helikopta yake zikionesha maji yakimeza mashamba ya Natori zilizunguka dunia nzima. Lakini pembeni ya mti huo pamekua msitu wa vituo vya binafsi ambao nje ya Japani hausikiki. Kampuni za televisheni ya kawaida peke yake ni 127, na sehemu kubwa zina leseni ya mkoa mmoja. Hiyo mipaka ya mikoa ndiyo iliyovipa vituo hivyo tabia yake, mbaya na nzuri.

Redio ilianza Japani Machi 1925, miezi 18 baada ya tetemeko la Kanto, eneo la Tokyo, la 1923, ambapo uvumi ulienea kuliko moto na Wakorea wengi wakauawa kwa sababu ya uvumi huo. Mpaka Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, redio ilikuwa moja na ilisema yale iliyoambiwa iseme. Sheria mpya za mwaka 1950, chini ya utawala wa Wamarekani, ndizo zilizofungua mlango kwa vituo vya binafsi, na Septemba 1, 1951 vikasikika vya kwanza: CBC ya Nagoya alfajiri, na saa chache baadaye kituo cha Osaka ambacho leo kinaitwa MBS. Tazama vizuri: siku hiyo ya kwanza Tokyo haikuwepo. Sheria hizohizo ziliunda tume huru ya kusimamia masafa, lakini mara tu Japani iliporudishiwa uhuru wake mwaka 1952 serikali ikaivunja tume hiyo, na tangu hapo leseni zinatoka mkononi mwa waziri. Oktoba 1957 waziri wa posta alikuwa Tanaka Kakuei, kijana wa miaka 39 ambaye baadaye angekuwa waziri mkuu. Kwa mkupuo mmoja aligawa leseni za awali kwa vituo 43 vya televisheni. Waombaji waliokuwa wakigombana mkoa kwa mkoa aliwakalisha pamoja: gazeti la mkoa, kampuni za hapo na wakubwa wa hapo, wote waingie kwenye kampuni moja. Siasa safi haikuwa hiyo. Lakini ndivyo Japani ilivyopata televisheni iliyoota mizizi mikoani badala ya kumiminwa kutoka mji mkuu.

Tohoku Broadcasting ya Sendai mkoani Miyagi, TBC kwa kifupi, ni mtoto halisi wa zama hizo. Ilianza kama redio Mei 1952 ikiwa na uhusiano wa karibu na gazeti la mkoa, Kahoku Shimpo, kisha ikafungua televisheni Aprili 1959 na kujiunga na mtandao wa TBS, televisheni ya Tokyo. Studio zake ziko kwenye kilima cha Yagiyama, juu ya mji. Nchini Japani vituo vya namna hii, vyenye redio na televisheni chini ya paa moja, vina heshima ya ukongwe. Ndivyo vilivyotangulia karibu kila mkoa. Kwa mhasibu wa leo, redio iliyomo ndani ya nyumba hizo ni mzigo, maana televisheni ndiyo inayoleta fedha.

Tetemeko la Machi 11 lilipiga Ijumaa saa nane na dakika 46 mchana. Zaidi ya kaya milioni 4 kaskazini mashariki mwa Japani zikakosa umeme. Runinga zikawa vioo vyeusi, simu zikajaa, kisha minara yake ikaishiwa betri. Kilichobaki kikizungumza ni redio ndogo za mkononi na redio za magari. TBC ikaweka kando ratiba nzima ya redio na kuanza kusoma ujumbe wa wasikilizaji: fulani wa mtaa fulani yuko salama, yuko shule fulani, anamtafuta mama yake. Huko Iwate, mkoa wa jirani, kituo cha IBC kilisoma hewani majina ya watu walioko kwenye makazi ya muda, jina baada ya jina. Ukisikiliza kwa sikio la Tokyo hayo si matangazo kabisa. Ni orodha. Anayetoka mji mwingine hataelewa hata majina ya mitaa. Lakini watu karibu 16,000 walikufa na zaidi ya 2,500 hawajaonekana mpaka leo, na katika siku zile za mwanzo, kwa mtu aliyekaa gizani juu ya godoro la ukumbi wa shule, jina moja kwenye orodha ile lilizidi taarifa zote za habari za kitaifa. Huko nyuma, tetemeko la Kobe lilipopiga Januari 1995, redio ya hapo iliyoitwa AM Kobe iliendelea saa 69 bila tangazo hata moja la biashara, jengo lake lenyewe likiwa limepasuka. Desturi ilikuwepo. Tohoku, yaani kaskazini mashariki, iliirithi.

Baada ya wiki chache, hata redio ya mkoa ilionekana kubwa mno. Mtu wa Yamamoto, mji mdogo wa pwani kusini mwa Miyagi, alitaka kujua bafu la jeshi litafunguliwa saa ngapi, maji yanagawiwa wapi, cheti cha nyumba iliyobomoka kinaombwa dirisha gani. TBC ina mkoa mzima wa kuhudumia, haiwezi kukaa kwenye jambo hilo. Sheria ya Japani inaruhusu halmashauri kufungua redio ya muda ya FM wakati wa maafa, na baada ya 2011 zilifunguliwa kama 30. Ya Yamamoto ilianza siku kumi tu baada ya tetemeko, ikaitwa Ringo Radio, yaani redio ya tofaa, kwa zao la mji. Vifaa vilikuja na watu wa redio ndogo ya Nagaoka, mji wa mkoa wa Niigata ambao wenyewe ulipigwa na tetemeko mwaka 2004. Na aliyekaa kwenye maikrofoni alikuwa Takahashi Atsushi, mtangazaji mstaafu wa TBC aliyekuwa amehamia mji huo kupumzika. Redio hiyo ilidumu mpaka Machi 2017.

Mfano huo naupenda kwa sababu moja ambayo wachumi wa utangazaji huipita bila kuiona. Ringo Radio haikuhitaji mtaji mkubwa. Ilihitaji mtu mmoja aliyezoea kwa miaka mingi kuongea na watu wa Miyagi kwa sauti isiyotia hofu, anayejua kusoma jina la marehemu na tangazo la maji katika saa moja bila kuonekana amechanganyikiwa. Mtu kama huyo hapatikani kwa zabuni. Alilelewa na kituo cha mkoa kwa miongo kadhaa, kwa mishahara iliyolipwa siku ambazo hakuna kilichotokea.

Maafa, hata hivyo, yasitupofushe. Kituo cha mkoa kinachojitokeza siku ya msiba tu ni zimamoto. Kazi ngumu zaidi ni ya siku za kawaida, na hapo mfano wangu ni Toyama. Mwaka 2016 madiwani wa jiji la Toyama walitaka kujiongezea malipo kutoka yeni 600,000 hadi 700,000 kwa mwezi. Tulip Television, kituo kidogo cha mkoa kilichoanza 1990, kikauliza swali la kawaida: hizo fedha nyingine wanazopewa kwa shughuli za kisiasa wanazitumiaje? Waandishi wakaomba nyaraka kwa njia ya sheria ya uwazi, wakaletewa maelfu ya kurasa za risiti, wakaketi kuzipekua. Diwani mmoja mzito wa chama tawala alikuwa amedai gharama za kuchapisha karatasi za mkutano wa wananchi. Waandishi wakaenda kwenye ukumbi wa mtaa uliotajwa na kuuliza: mkutano ulifanyika? Haukufanyika. Hapo uzi ukaanza kufumuka, magazeti nayo yakaingia, na katika muda wa miezi kama sita madiwani 14 kati ya 40 wakajiuzulu.

Hakuna mhariri wa Tokyo ambaye angemtuma mtu kupekua risiti za madiwani wa Toyama. Si kwa ubaya, hana sababu. Na mwanzoni kabisa, kabla habari haijawa habari, ni lazima awepo bosi wa karibu wa kusema: sawa, kaeni na hizo karatasi wiki kadhaa, tutaona. Huo pia ni uamuzi wa kurusha hewani, ila umechukuliwa mapema.

Sasa nivigeukie vituo vyenyewe, maana si malaika. Haki hiyo ya kuamua, vingi haviitumii. Katika vituo vingi vya televisheni vya mikoa, vipindi vilivyotengenezwa nyumbani ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ratiba. Kinachobaki kinatoka Tokyo, na ajabu yake ni kwamba kituo hulipwa kwa kukipokea, maana mtangazaji wa biashara wa kitaifa anataka sabuni yake ionekane mikoa yote na vituo vikubwa hugawa mapato hayo kwa washirika. Kwa nusu karne meneja wa kituo cha mkoa aliweza kuishi vizuri kwa kuacha bomba la Tokyo wazi. Kila saa aliyotengeneza mwenyewe ilimgharimu. Kila saa aliyopokea ilimlipa. Na wenye hisa ni wale waliokalishwa pamoja na Tanaka: gazeti, kampuni za mkoa, mara nyingine serikali ya mkoa yenyewe. Ndiyo maana kazi kama ya Toyama ni nadra, na ndiyo maana nako hukohuko, miaka michache baadaye, mmoja wa waliosimamia habari ile aliacha kazi na mwingine akahamishiwa idara nyingine. Hata vituo hivi vina wadudu wa ndani.

Mwaka 2019 fedha za matangazo ya intaneti nchini Japani ziliipita televisheni, na mgawo wa Tokyo ukaanza kupungua. Anayekufa kwanza si bomba. Ni ile sehemu moja ya kumi, kwa sababu ndiyo inayogharimu.

Kwenye redio kisu kimeshatolewa. Juni 2021 vituo 44 kati ya 47 vya redio ya AM vya binafsi vilitangaza kwamba vinakusudia kuwa vituo vya FM ifikapo majira ya vuli ya 2028. Vitatu vilivyojitenga ni viwili vya Hokkaido na kimoja cha Akita, mikoa mipana ya kaskazini, na ukitazama ramani huhitaji kuuliza kwa nini. Mtambo wa AM unataka mnara mrefu, kiwanja kikubwa, nyaya za shaba zilizofukiwa chini yake, na kwa kawaida ardhi yenye maji, yaani kandokando ya mito na bahari ambako mafuriko na tsunami hufika. Kuujenga upya ni fedha nyingi ambazo redio haina. FM hukaa juu ya kilima, ni nafuu, sauti yake ni safi. Ila AM husafiri mbali na kuvuka milima kwa mtambo mmoja, wakati FM husimama kwenye bonde la kwanza. TBC kwenye AM iko 1260. Kwenye FM iko 93.5, sehemu ya masafa iliyoachwa na televisheni ya analojia. Redio ya zamani ya Kijapani mara nyingi huishia 90. Bibi wa milimani mwenye redio iliyomtosha mwaka 2011 ataizungusha mpaka mwisho bila kuipata. Watu wa Afrika Mashariki waliopita kwenye kuzimwa kwa analojia na kununua ving'amuzi wanaijua hali hiyo.

Hata hivyo siutetei mnara wa AM kwa ajili ya mnara. Kama FM ndiyo inayokiacha kituo na fedha za kumlipa mwandishi, iwe FM, na halmashauri zigawe redio mpya kwa wazee. Kinachonitia wasiwasi ni hatua iliyofuata. Mwaka 2023 sheria ya utangazaji ilirekebishwa ili vituo vya mikoa tofauti viweze kurusha vipindi vilevile, na ukomo wa idadi ya mikoa ambayo kampuni mama moja inaweza kumiliki vituo ukaondolewa. Aprili 2025 vituo vinne vya mtandao wa Nippon Television, vya Sapporo, Nagoya, Osaka na Fukuoka, vikaingia chini ya kampuni mama moja. Hivyo vinne ni vikubwa, na kila kimoja kina chumba chake cha habari. Ugonjwa hauanzii kwao. Utaanzia kwenye mikoa yenye watu chini ya milioni moja, ambako vituo viwili vidogo vitaambiwa vishirikiane habari za jioni, kisha za asubuhi, kisha zamu ya usiku. Zamu ya usiku ikishahamia mji wa jirani, mamlaka ya kukatiza kipindi yamehama nayo.

Wanaounga mkono watasema kamera zinaweza kuendeshwa kwa mbali, na tahadhari za tetemeko hutokea zenyewe kwenye skrini. Ni kweli. Picha ya FCT pia ilifika Tokyo bila shida yoyote. Ilikaa huko zaidi ya saa moja.

Leseni za utangazaji Japani hudumu miaka mitano. Zilizohuishwa Novemba 2023 zitakwisha vuli ileile ya 2028 ambayo redio zimejipangia kuachana na AM, na waziri atakuwa na kila kituo mezani kwake kwa wakati mmoja. Mpango wa kugawana mitambo ya milimani kati ya NHK na vituo vya binafsi upo, na ufanyike haraka. Minara, mafundi, idara za fedha, hata vipindi vya mapishi vya mchana viunganishwe bila machozi. Lakini fomu ya leseni iwe na swali moja la lazima: usiku wa manane, katika mkoa huu, ni chumba gani chenye mtu wa zamu anayeweza kuikata Tokyo na kuingia hewani bila kupiga simu? Kituo kisicho na jibu kisipewe leseni ya mkoa. Kiitwe mnara wa kurushia, na kilipe ada ya mnara. Na yeyote atakayepanga zamu hiyo asitumie kalenda ya Machi 2011, wakati watu walikuwa maofisini. Tetemeko la rasi ya Noto lilipiga Januari 1, 2024, saa kumi na dakika kumi alasiri, sikukuu ambayo Japani nzima huwa nyumbani.